GTA V inakwama kwenye Intel HD 520: usiuze mashine kwanza

Mkuu mleta uzi, salamu. Nimesoma swali lako pamoja na majibu yaliyotangulia, nimeona nikuandikie kwa kirefu maana mashine unayoisema ninayo hapa mezani, ya aina hiyohiyo. Kwa wanaoingia sasa: mwenzetu kanunua HP EliteBook 840 G3 ya mtumba, i5-6300U, RAM GB 8, SSD, skrini ya 1920×1080, kadi ya picha ya ndani Intel HD 520. Kaweka GTA V, mjini anapata FPS 14 (yaani fremu, picha, 14 kwa sekunde), na gari likikata kona picha inaganda. Mchangiaji mmoja kamwambia auze atafute yenye kadi ya Nvidia. Mwingine kamwambia aingie kwenye rejista ya Windows aongeze VRAM, yaani kumbukumbu ya kadi, iwe GB 2. Anauliza ashike lipi.

Usishike hata moja. Kuuza ni haraka mno, na hilo la rejista ni porojo, nitalifikia.

Yangu niliichukua Kariakoo mwaka 2020, ina stika ya ofisi ya watu mgongoni. Jioni ileile nikaweka GTA V, nikashusha karibu kila kitu kwenye menyu hadi chini kabisa, na bado FPS zikawa zinacheza kati ya 15 na 19. Nilihangaika karibu mwezi mzima kwenye menyu ileile, nazima hiki nawasha kile, kama mtu anayepapasa mifuko akitafuta ufunguo aliouacha mlangoni. Tatizo langu kubwa halikuwa kwenye menyu.

Kadi ya kuchomeka, hata ile ndogo ya bei chee, inakuja na vyake: RAM yake, feni yake, umeme wake. Hii yetu haina chake. HD 520 imo kwenye kipande kilekile cha prosesa na inaishi kama mpangaji wa nyumba ya uswahilini: bomba moja uani, LUKU moja, kibaraza kimoja cha kupungia upepo. Bomba ni RAM. LUKU ni wati 15, prosesa na kadi kwa pamoja. Kibaraza ni hiyo feni moja inayopoza wote wawili. Ukishusha setingi za gemu unapunguza matumizi ya mpangaji, na ni jambo jema, lakini bomba likiwa linatoa maji kama uzi, hata ukioga kwa kikombe foleni haiishi.

Basi tuanze na bomba, kwa sababu hapo ndipo nilipopata faida kuliko kwingine kote.

RAM ya DDR4 ya 2133, ambayo ndiyo ya mashine hizi, kipande kimoja kinapitisha takriban GB 17 kwa sekunde. Ukiwa na vipande viwili, kila kimoja kwenye sloti yake, prosesa inavisoma vyote kwa mpigo na unapata takriban GB 34. Kwa kuandika barua na kuperuzi hutaona chochote. Kwa kadi ya ndani tofauti ni mbingu na ardhi, kwa sababu kila pikseli, kila kivuli na kila picha ya ukuta inapita njia hiyo, huku prosesa nayo inagombania kupita. Kwa kulinganisha tu, GTX 750 Ti, kadi ya mwaka 2014 ambayo leo watu wanaicheka, inapitisha GB 86 kwa sekunde na haigawani na mtu.

Wewe umeandika RAM GB 8 bila kusema ni kipande kimoja au viwili. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia Performance, gusa Memory, kisha soma palipoandikwa Slots used. Ukikuta 1 of 2, mchawi wako umeshampata. Za mtumba nilizowahi kufungua mimi, nyingi zilikuwa na kipande kimoja.

Hapa nikusimulie kosa langu ili usilirudie. Nilimtuma mdogo wangu dukani aseme anataka RAM ya laptopu, GB 8, basi. Akarudi na DDR3. Mimi sikuangalia, nikafungua skrubu za chini, nikatoa mfuniko, nikawa nashangaa kipande hakikai. Kile kijipengo cha katikati hakilingani, na meno yenyewe si sawa: DDR3 ya laptopu ina pini 204, DDR4 ina 260. Nikakisukuma kidogo, Mungu saidia nikaacha. Kurudi dukani muuzaji akagoma, anasema kipande kimeshafunguliwa kwenye pakiti. Tukabishana mpaka akakubali kubadilisha kwa nyongeza ya elfu kumi. Kwa hiyo ukienda, chomoa kipande chako cha sasa, kitie mfukoni ndani ya karatasi, ukifika mwekee mezani mwambie nataka pacha wa hiki. Na kabla ya kuchomoa chochote zima mashine kabisa, toa chaja na uchomoe waya wa betri.

Baada ya kuweka cha pili, nilisimama palepale nilipokuwa nimesimama jana yake, mbele ya nyumba ya shangazi yake Franklin, mmoja wa wahusika wa gemu, saa ileile ya mchana ndani ya gemu, rezolusheni 1280×720, setingi zilezile. Jana yake ilikuwa FPS 23. Leo 33. Sikugusa menyu hata kidogo. Nilikaa dakika nzima naiangalia ile namba kama mtu aliyetumiwa hela kimakosa.

Mfuko ukiwa mwepesi, hata kipande cha GB 4 kinasaidia pembeni ya hicho cha 8. GB 4 za hiki na GB 4 za kile zitafanya kazi pamoja kwa kasi ya njia mbili, na zile 4 zinazobaki zitakwenda kwa njia moja. Si kamili, ila ni bora mara nyingi kuliko sloti tupu. Wenye X250 au X260 ya Lenovo poleni, zina sloti moja tu, ninyi rukeni aya hizi.

Sasa lile la rejista. Kinachotajwa ni DedicatedSegmentSize, ndani ya folda ya GMM ya Intel. Ukiandika 512 pale, Windows itaonyesha MB 512, na gemu iliyokuwa inakataa kufunguka kwa madai ya VRAM ndogo huenda ikafunguka. Kazi yake imeishia hapo: ni kitambulisho cha kumwonyesha mlinzi getini. Haiongezi hata baiti moja. HD 520 inaonyesha MB 128, lakini ikihitaji zaidi inachota yenyewe kwenye RAM ya kawaida, hadi karibu nusu yake. Ndiyo maana mashine yenye GB 4 ni mateso matupu: Windows imekula zake, gemu imekula zake, halafu kadi nayo inaingiza mkono kwenye sahani.

Na zile programu zinazojiita za kuongeza kasi ya gemu kwa kubofya mara moja, achana nazo. Zinafunga vitu ambavyo ungeweza kuvifunga mwenyewe, kisha zenyewe zinabaki zinakula RAM. Wakongwe humu mtakumbuka programu ya SwiftShader enzi za intaneti kafe: gemu ilikuwa inafunguka kweli, lakini prosesa ndiyo inachora picha badala ya kadi, unasubiri fremu moja kama unasubiri ugali.

Twende kwenye LUKU. i5-6300U mwendo wake wa kawaida ni GHz 2.4, ikijitutumua inafika 3.0. Inapojitutumua inakula umeme, kadi inabaki na makombo, joto linapanda, halafu mashine yenyewe inawashusha wote wawili. Hiyo ndiyo siri ya gemu kuwa laini dakika kumi za kwanza, kisha ghafla inaanza kukokota kama daladala ya mlimani. Kuna ujanja hapa: ingia Control Panel, Power Options, setingi za ndani za mpango unaoutumia, tafuta Processor power management, na pale kwenye Maximum processor state badilisha 100 iwe 99. Asilimia moja hiyo inazuia prosesa isijitutumue kabisa, na umeme uliookolewa unabaki kwa kadi.

Nisikudanganye, matokeo yake yana pande mbili. Huko porini, Mlima Chiliad na Sandy Shores, niliongeza FPS tatu hivi na zikatulia. Katikati ya mji, kwenye magari mengi na watu wengi, nilipoteza mbili, kwa sababu GTA V inaipenda sana prosesa na hii yetu ina koa (viini vya kazi) mbili tu. Mwishowe nimeiacha kwenye 99 kwa ajili ya joto: nilikuwa nafika nyuzi 92, sasa nacheza kwenye 75. Wewe jaribu zote mbili.

Cheza ukiwa umechomeka chaja siku zote. Umeme wa nyumbani ukikatika na mashine ikahamia betri, utaona FPS zimeanguka papo hapo, usidhani gemu imeharibika. Chaja yenyewe nayo iangalie. Laptopu nyingi za ofisi zina sindano nyembamba katikati ya pini ya chaja, na kwa sindano hiyo mashine inaitambua chaja. Ikikatika, au ukiwa na chaja ya kuokoteza yenye wati pungufu, baadhi ya mashine zinashusha mwendo wa prosesa kimyakimya. Rafiki yangu alihangaika wiki mbili na setingi, kumbe chaja.

Kibaraza sitakikawiza. Mimi naishi Tabata, Februari chumba changu kina joto la kuokea mkate. Nilipofungua mara ya kwanza nilikuta kati ya feni na yale mapezi ya kupozea kuna blanketi la vumbi, limeshikana kama kitambaa cha flana, nikalitoa zima kwa kibanio. Ile dawa ya kupozea juu ya prosesa ilikuwa imekauka kama chokaa. Nikafuta, nikaweka mpya, kiasi cha punje ya choroko. Chini ya laptopu nimeweka vifuniko vinne vya chupa za maji, kila kona kimoja, ili feni ivute hewa. Ukiwa unachezea kitandani juu ya shuka, hata usisome kilichobaki.

Haya, sasa menyu.

Kabla hujabadilisha chochote fanya kipimo kimoja. Simama sehemu inayokukwaza, angalia FPS, kisha shusha rezolusheni hadi 800×600 na usimame palepale. FPS zikiruka juu sana, kadi ndiyo iliyokuwa imeelemewa, na kushusha picha kutakusaidia. Zikiongezeka mbili tatu tu, basi prosesa ndiyo inayolia, na ukiendelea kuzima vivuli unajinyima uzuri bure. Mimi mjini nilikuwa na ugonjwa wote wawili, porini ilikuwa kadi peke yake. Kuona FPS tumia kaunta ya Steam kama gemu yako iko huko, au programu ya RivaTuner.

Rezolusheni ndiyo baba wa setingi zote. 1920×1080 ni pikseli milioni 2 na ushee. 1280×720 ni laki tisa na elfu ishirini na moja mia sita, chini ya nusu. Yaani kwa hatua moja umeipunguzia kadi zaidi ya nusu ya kazi ya kuchora kila fremu, hakuna setingi nyingine yenye nguvu hiyo. Watu wanaona aibu kushuka, wanataka 1080 yenye kila kitu kimezimwa. Mimi naona ni kinyume: 720 yenye vivuli vya wastani inapendeza kuliko 1080 iliyonyongwa. Kwenye skrini ya inchi 14, ukikaa umbali wa mkono, baada ya nusu saa jicho limezoea.

Na GTA V ina kitu kizuri ambacho wengi wanakipita, kinaitwa Frame Scaling Mode, kwenye menyu ya grafiksi za ziada. Ukibakiza 1080 kisha ukaweka 2/3 hapo, mji unachorwa kwa 1280×720, ila maandishi, ramani na menyu zinabaki safi. Mimi ndiyo ninayoitumia hadi leo. Ukiweka 1/2, mji unachorwa kwa 960×540, hapo nyuso za watu zinakuwa kama zimepigwa picha na simu ya kitochi, lakini kwa mwenye HD 4400, kadi ya ndani ya zamani zaidi, huenda ndiyo salama yake.

Baada ya hapo nenda kwenye MSAA. Hii inalainisha kingo za vitu kwa kuchukua sampuli kadhaa ndani ya kila pikseli, nne ukiweka X4. Kumbuka bomba letu. Zima kabisa, na ile ya maakisi pia zima. FXAA, njia nyingine ya kulainisha kingo, iache imewashwa, yenyewe inapakaa ukungu kidogo juu ya picha iliyokwisha chorwa, gharama yake ndogo.

Vivuli vina gharama ambayo haionekani. Ili gemu ijue kivuli kianguke wapi, inabidi iichore mandhari upya ikitazama kutoka upande wa jua, kabla hata haijachora kile unachokiona wewe. Unaona fremu moja, kadi imefanya kazi karibu ya mbili. Weka Normal, na vile vivuli laini weka Sharp. Kingo zitakuwa na meno kama msumeno, hasa jua likiwa linazama, utazoea. Maakisi kwenye vioo na bodi za magari yanataka mchoro wake tena, nayo yaweke Normal.

Nyasi ndizo zilizokuwa zinaniua mimi. Nilikuwa naendesha mjini vizuri kabisa, nikitoka kwenda kaskazini kwa mhusika Trevor, FPS zinaporomoka hadi 17 na mji hauonekani hata kwa mbali. Nikawa najiuliza, huku hakuna magari wala watu, kinacholemea ni nini? Jani moja la nyasi ni karatasi yenye sehemu zinazoonyesha ng'ambo, nyuma yake kuna jani jingine, nyuma yake jingine, na pikseli ileile inaguswa mara nyingi kabla fremu haijaisha. Grass Quality yangu ilikuwa High, niliisahau huko tangu siku ya kwanza. Kuishusha Normal peke yake kulinirudishia FPS tisa pale chini ya Chiliad. Kama una muda wa kujaribu setingi moja tu usiku wa leo, anza na hii.

Kuhusu picha za kuta na barabara, Texture Quality, usiogope sana. Hizi zinakula nafasi ya RAM zaidi kuliko nguvu ya kadi. Kwa GB 8 weka Normal. Mimi baada ya kufika GB 16 niliweka High na sikupoteza kitu cha kusema. Anisotropic nimeiacha X4, maana bila hiyo mistari ya barabara inageuka uji hatua kumi mbele yako, na mimi ni mtu wa kuendesha magari. Shader, Particles, Water na Post FX zote Normal, sina maneno nazo. Tessellation zima. Ukurasa wote wa grafiksi za ziada, ukiacha ile Frame Scaling, uwe Off na mistari yake yote iwe sifuri. DirectX nilijaribu kushusha kutoka 11 hadi 10.1, nikapata nyongeza ndogo porini, mjini sikuona kitu.

Population Density haihusiani na kadi, inahusu prosesa: ni idadi ya watu na magari barabarani. Ukiweka sifuri mji unakuwa kama Kariakoo alfajiri ya Idi, FPS zinapanda lakini raha imeisha, kukimbizana na polisi kwenye barabara tupu ni kama kucheza karata peke yako. Nimeiacha kwenye theluthi. Ile ya umbali wa kuonekana kwa vitu, Distance Scaling, iweke chini kabisa.

Ukishamaliza hayo utakuwa unazunguka kati ya FPS 30 na 42. Wengi hapa wanaridhika, na ndipo wanapokosea. Gemu inayopanda 42 na kushuka 30 kila ukigeuza kichwa inachosha macho kuliko inayokaa 30 muda wote. Kwenye 30 kila fremu inakaa milisekunde 33 bila kubadilika, mkono wako unazoea mdundo huo. Weka VSync, ile inayolinganisha fremu na mwendo wa skrini, kwenye Half, kwa skrini ya hertz 60 itakufungia kwenye 30. Na kadi ikishamaliza fremu yake mapema inapumzika, joto linashuka, kwa hiyo ile hali ya dakika kumi laini kisha kukokota inapungua.

Ila usiupeleke ujanja huo kwenye mpira! Umegusia kwamba unacheza na PES 2017. Ile gemu inahesabu muda wake kwa fremu. Kadi ikishindwa kutoa 60, picha haikwami; mechi nzima inakwenda polepole, wachezaji wanakimbia kama wako ndani ya maji ya bahari hadi kiunoni. Watu wanalaumu pedi, wanalaumu gemu yenyewe. Kwenye mpira lengo ni 60 zilizotulia, hata kama ni kwa kushusha rezolusheni zaidi ya GTA. Fungua faili la Settings lililomo ndani ya folda ya gemu, weka 1280×720 na ubora wa picha Low, kisha cheza mechi ya mvua usiku. Ikipita hiyo bila kuvuta, panda kidogo. Shemeji yangu ana HD 3000 ya mwaka 2011, kwake tulirudi FIFA 14, ambayo kwenye kompyuta bado ilikuwa na injini ya zamani nyepesi. Kuanzia FIFA 17 walipohamia injini ya Frostbite, mashine kama yake hata usiitese.

Kuna wanaotaka kushuka chini ya pale menyu inaporuhusu. Ndani ya Documents, folda ya Rockstar Games, GTA V, kuna faili linaitwa settings.xml. Lifungue kwa Notepad, lakini kwanza tengeneza nakala pembeni. Utakuta ShadowQuality, ukiandika 0 vivuli vinatoweka. Pia LodScale ya umbali wa kuonekana kwa vitu, na ScreenWidth na ScreenHeight kwa rezolusheni ambayo menyu haikuonyeshi. Ukihifadhi, bofya kulia ulifanye la kusomwa tu, la sivyo gemu inaweza kuliandika upya. Nilicheza bila vivuli siku mbili. FPS zilipanda kweli, lakini magari yanaonekana yanaelea, gari limeegeshwa na huwezi kujua kama limegusa lami. Nikarudisha 1. Hiyo niliyo nayo inatosha.

Madogo yaliyobaki: draiva, ile programu inayoendesha kadi, chukua kutoka kwa mtengenezaji wa laptopu au Intel wenyewe, usikubali zile programu za kutafuta draiva. Usitegemee maajabu ya draiva mpya pia, kwa sababu tangu 2022 Intel wameziweka kadi za kizazi hiki kwenye kundi la matunzo tu. Funga kivinjari kabla ya kucheza. Game DVR ya Windows izime, inaweza kuwa inarekodi kwa nyuma. Na acha gemu kwenye SSD; kama umeihamishia diski ya nje ili kuokoa nafasi, ile kuganda unapokata kona inaweza kutokana na hiyo, barabara inachelewa kusomwa.

Kwa wale wanaosema achomeke kadi ya nje kwa waya: nimeona inafanyika, ila ukijumlisha kadi, kifaa cha kuunganishia na pawa saplai yake, hela hiyo inakaribia kununua kompyuta ya mezani ya mtumba yenye sloti ya kadi ndani. Na laptopu yako itakuwa haiondoki mezani.

Mkuu, kabla ya hata kufungua GTA leo, tuwekee hapa picha ya ile sehemu ya Memory ionekane Slots used, pamoja na kasi ya RAM iliyoandikwa pale. Taja pia chaja yako ni ya wati ngapi, imeandikwa mgongoni kwake. Kesho nitakuwa online baada ya saa mbili usiku.